Mizinga ya nyuki na arosto ya sigara: wiki ya kwanza

Mradi wenyewe ni mizinga ya viunzi vya juu, ya kupeleka porini upande wa Sikonge kabla miombo haijachanua. Mbao zilishapasuliwa, miili ya mizinga imesimama, kilichobaki ni viunzi, na viunzi ndivyo vinavyokula muda. Wiki hiyohiyo nimeacha sigara. Mambo haya mawili nimeyaweka kwenye daftari moja kwa makusudi, kwa sababu nilitaka mikono iwe na kazi pale arosto, ile hamu na taabu ya kukosa sigara, inapopanda.

Kwa ambaye hajawahi kuvitengeneza: kiunzi ni kipande cha mbao kinacholala juu ya mzinga, na nyuki wanajenga sega likining'inia chini yake. Upana wake ni milimita 32. Nyuki wetu wa Afrika hujenga kwa nafasi hiyo, kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Ukizidisha upana, wanaunganisha sega na kiunzi cha jirani, na siku ya kurina unararua kila kitu. Ukipunguza ni balaa hilohilo. Kwa hiyo kila kimoja napiga randa, napima, napiga tena, napima.

Jumapili usiku

Nimeweka nia, kama ninavyoweka nia ya funga. Nimelifikiria hili kwa miezi. Mwezi wa Ramadhani nakaa kutwa nzima bila kuvuta, na mchana arosto huwa inavumilika kabisa. Inakuja kuelekea magharibi, uji umeshaipuliwa, watoto wanasikilizia adhana, hapo ndipo mwili mzima unadai. Sasa, nikotini kwenye damu hupungua nusu kila baada ya saa 2 hivi. Ikifika saa 7 mchana imeshabaki kidogo mno. Kama ingekuwa ni damu peke yake, saa 7 ningeteseka sawasawa na saa 12 jioni. Tofauti ni kwamba saa 7 mlango umefungwa, na saa 12 unakaribia kufunguliwa.

Baadaye nikakuta watafiti wa Israel waliona jambo hilohilo. Mwaka 2010 walichapisha utafiti juu ya wahudumu wa ndege wanaovuta sigara, wakiwalinganisha kwenye safari ndefu na fupi. Hamu ilipanda kadiri ndege ilivyokaribia kutua, na muda waliokaa bila kuvuta haukuwa na uzito kiasi hicho. Nilipoisoma nilifurahi sana, kwa sababu ni kitu ambacho kila mfungaji mvutaji wa hapa Tabora anakijua mwilini mwake.

Ndiyo maana sijachagua kupunguza. Dukani kwa jirani sigara inauzwa moja moja, na anayepunguza anaishi akingojea hiyo moja ijayo. Kwangu mlango umefungwa. Koti la kazini nimelifua, viberiti vyote nimempa mama watoto aviweke jikoni, na watoto nimewaambia kwamba siku chache hizi baba anaweza kuwa na hasira za karibu, wasidhani wamenikosea. Mwenye duka naye nimemwomba asiniuzie hata nikimbembeleza. Kaitikia kwa moyo mmoja, Mungu ambariki.

Jumatatu

Sigara yangu kubwa ilikuwa ya kuamkia. Usiku kucha ubongo unakaa bila nikotini, asubuhi unaamka na madai yake. Leo baada ya swala sikukaa barazani nilikozoea kuvutia. Nimepitiliza karakana, nimewasha taa, nimebana ubao kwenye jiriwa.

Arosto ikaja randa ikiwa mkononi. Nataka niieleze vizuri, maana watu husema "hamu" kana kwamba ni wazo tu. Mate yanajaa. Kifua kinabana chini ya koo. Kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia vinasogeleana vyenyewe. Halafu kichwa kinaanza kutoa sababu, na kila sababu inaonekana ya busara: kazi ni nyingi, wiki hii haifai, anza mwezi ujao.

Kote nilikosoma wanasema ikishapanda hudumu dakika chache, tatu hadi tano, kisha inashuka hata usipovuta. Nikasema niione. Nikakishughulikia kiunzi kimoja tangu ubao mbichi hadi kufikia 32. Nilipokifungua kwenye jiriwa, kifua kilikuwa kimeachia. Nikabana kingine kwa raha tu.

Tangu hapo hicho ndicho kipimo. Siangalii saa. Ikipanda najiambia: kiunzi kimoja.

Jumanne

Usingizi ulikataa. Asubuhi mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, na mchana nimepita kituo cha afya kumuona muuguzi mmoja tunayekaa naye mtaani.

"Dada, najua ni arosto, lakini hii imezidi."

"Pole kaka. Kahawa unakunywa vikombe vingapi?"

Nikamwambia ni kama siku zote, pale kijiweni, kahawa chungu na kashata, asubuhi na jioni. Akacheka kidogo, akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Moshi wa sigara unalifanya ini liivunje kafeini haraka. Si nikotini inayofanya hivyo, ni kemikali nyingine za ule moshi. Ukiacha kuvuta, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na vikombe vilevile ulivyovizoea vinakuachia kafeini nyingi zaidi, hata karibu mara mbili. Kutetemeka, moyo mbio, kukosa usingizi, yote hayo mtu anayabambikia arosto, anakata tamaa, anarudi kuvuta, wakati nusu ya kosa ni la kahawa.

Nimepunguza kahawa nusu leo hiihii, na jioni nimehamia chai ya tangawizi. Kama kuna jambo moja kwenye daftari hili ningependa limfikie kila mtu wa kijiweni, ni hili.

Dada huyo aliniambia pia kwamba aliyevuta sana, au aliyeshindwa mara kwa mara, asione aibu kutafuta dawa. Plasta na bazoka za nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na mwaka 2024 shirika hilo lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kuwatibu watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku, unaotaja hizo pamoja na vidonge kadhaa na ushauri wa ana kwa ana. Madukani nilikopita hapa mjini sikuziona. Alichosisitiza ni kwamba nisihamie ugoro kwa kudhani ni nafuu: nikotini ni ileile, na ugoro una saratani zake.

Jumatano

Leo ndiyo kilele, na nilijua, kwa sababu mwili hulalamika zaidi siku ya pili na ya tatu, ndipo uanze kulegea taratibu kwa wiki mbili hadi nne. Kujua kulinisaidia. Maumivu yenye mwisho unayabeba vingine.

Kichwa kizito tangu alfajiri. Nasoma kipimo, nakisahau kabla sijashika penseli. Nilipoona hivyo nilizima msumeno wa umeme nikauondoa kabisa kwenye waya. Mtu aliye kwenye siku hizi, kama anafanya kazi ya mashine, bodaboda, umeme au kupanda juu ya paa, ajipangie kazi nyepesi. Umakini unashuka kweli. Randa ya mkono haina ukatili huo.

Baada ya ugali wa mchana ikaja mbaya kuliko zote. Sigara ya baada ya kula nilikuwa naihesabu kama sehemu ya chakula. Mdomo ulitaka kitu, na hapo matobolwa yaliniokoa. Mama watoto alikuwa na mfuko mzima aliotumiwa na mama yake. Viazi vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa hadi vikakauka vizuri vile: unaweka kipande mdomoni, kwanza ni kigumu hakikubali jino, unakizungusha, kinaanza kutoa utamu pembeni, ndipo unakitafuna polepole, na kipande kimoja kinakwenda muda mrefu kuliko sigara yoyote. Nimejaribu pia karanga, zinaisha upesi mno, unajikuta umemaliza kibaba. Mihogo mibichi inafaa. Pipi sikuzipenda.

Saa 10 hivi nilijikuta namjibu mtoto kwa ukali juu ya ndoo. Mama watoto hakupandisha sauti.

"Baba watoto, nenda kwanza karakana."

Nikaenda. Kabla ya kushika randa nilikaa kwenye gogo nikavuta pumzi ndefu, nikazitoa taratibu kwa mdomo. Nimegundua kwamba sigara ndiyo iliyokuwa ikinifanya nipumue hivyo: unavuta ndani, unashikilia, unaachia. Sehemu ya ule utulivu ilikuwa ni pumzi, na pumzi ninazo bado.

Viunzi vya leo ni vingi kuliko vya siku nyingine. Nimevipima vyote upya usiku, viko sawa.

Alhamisi

Kikohozi chenye makohozi, hakijawahi kuwa hivi nikiwa navuta. Naambiwa ni kawaida: vile vinyweleo vya kwenye njia ya hewa vilivyokuwa vimelazwa na moshi vinaanza tena kufagia. Choo kigumu, nimekula papai. Usingizi mzuri, ndoto nyingi.

Ijumaa

Baada ya swala ya Ijumaa tulikaa kijiweni. Rafiki akatoa pakiti, akanisogezea kwa mazoea. Nikamwambia sivuti tena, nikamuuliza habari za ng'ombe wake. Maongezi yakaendelea. Moshi ulinijia usoni mara kadhaa, na nikahamia upande wa pili wa benchi, unakotokea upepo. Nilidhani ingekuwa vigumu zaidi. Arosto ya kijiweni ilikuwepo, lakini haikuwa na lile dai la Jumatano.

Mzee wetu mrina asali alikuwa amekuja mjini, akapita nyumbani kuiona mizinga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona karakana yako leo ina harufu ya mbao tu?"

Nikamweleza. Akashika kiunzi, akakipitisha dole gumba ukingoni, akasema nyuki watanipokea vizuri zaidi, kwa kuwa wanachukia harufu kali ya mtu. Yeye amezoea mizinga ya magome ya mti wa mtundu tangu ujana wake, na bado anairina. Lakini hivi viunzi alivisifia, hasa kwamba unaweza kutoa sega moja, ukaliangalia, ukalirudisha bila kuivuruga familia yote.

Nikamuuliza kuhusu kitu kilichonisumbua tangu Jumatatu: siku ya kurina kuna bomba la moshi wa kuwatuliza nyuki. Nitashika moshi mikononi, utanipanda usoni. Akafikiri. Akasema siku za mwanzo bomba atalishika yeye, mimi nitainua viunzi.

Jumamosi

Leo mjomba ametoka Urambo, anatafuta mbolea ya vitalu vya tumbaku. Nimempokea kwa heshima zote, na sikumhubiria. Tumbaku imenisomesha. Urambo kulipoanguka ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, tumbaku ndiyo iliyoshika ardhi, na kizazi cha wazee wetu kilijenga nyumba kwa jani hilo. Mimi nilijifunzia kuvuta kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, usiku, tukichochea moto ili jani likauke, kwa sababu kila mkubwa aliyekuwa pale alikuwa na msokoto mdomoni.

Lakini nilimkumbusha jambo moja, na alilikumbuka. Msimu wa kuvuna, mvua zikiwepo, tulikuwa tunaingia shambani alfajiri jani likiwa limelowa. Ikifika saa 4 watoto tunatapika, kizunguzungu, jasho baridi. Tuliambiwa ni njaa. Ilikuwa ni nikotini: inayeyuka kwenye maji ya jani na kupita kwenye ngozi. Mjomba alinyamaza, kisha akasema wajukuu zake mwaka huu hawataingia shambani na umande. Niliposikia hivyo nilishukuru sana.

Aliondoka, harufu ya koti lake ikabaki kwenye kiti. Hiyo iliniamshia arosto ambayo sikuitarajia, kali, ya ghafla, nikiwa nimeshajiona nimepona. Kiunzi kimoja, na kipande cha tobolwa.

Jumapili

Hali ya mizinga: viunzi vimekamilika isipokuwa vya mzinga wa mwisho. Vifuniko vinahitaji bati. Hela ya sigara naitia kwenye kopo, na imeshatosha kununua waya wa kutundikia.

Hali yangu: arosto ya asubuhi imelegea, ya baada ya kula bado ipo, ya barazani jioni imegeuka kuwa kumbukumbu zaidi kuliko dai. Ladha ya chumvi imerudi, nimemwambia mama watoto apunguze kwenye mlenda, akaniambia haijaongezeka hata punje. Nakula zaidi. Wengi huongezeka kilo chache wakiacha, hilo nitashughulika nalo porini kwa miguu.

Wiki ijayo nayeyusha nta na kupaka chini ya viunzi ili kundi livutike, kisha tunapanga siku ya kwenda Sikonge na mzee. Safarini kuna kukaa kwingi bila kazi, na randa siwezi kuitumia ndani ya gari. Nimeshatenga mfuko wa matobolwa, na nimemwomba mzee anifundishe kusuka kamba ya magome njiani.