Kadi 31 na daftari la shangazi

Leo mchana nilivuta droo nikitafuta kalamu, nikakuta kadi za biashara 31 zimefungwa kwa rababendi. Ni za kongamano la wachangishaji fedha nililohudhuria Arusha mwaka juzi. Usiku ule nilizihesabu kitandani kama mvuvi anavyohesabu ndoo za dagaa. Hadi leo sijampigia simu hata mmoja wao. Kadi moja nimeiandika nyuma kwa herufi kubwa MUHIMU SANA, na sikumbuki kabisa muhimu kwa nini.

Nazitaja kwa sababu Alhamisi na Ijumaa kongamano la aina hiyohiyo lilikuja hapahapa Mwanza. Safari hii hakuna basi wala posho ya kulala. Nilipanda daladala kutoka Nyegezi nikiwa na beji tayari mkobani. Ukumbi ulikuwa upande wa Capri Point, na ukikaa viti vya nyuma unaiona feri ya Kamanga ikienda na kurudi. Nilikaa nyuma.

Ratiba ilisema ufunguzi saa tatu. Mgeni rasmi aliingia saa tano. Saa mbili nzima watu mia na ushee tulikaa bila kazi, na mimi nikazitumia kuchezea simu. Sasa naona pale ndipo palipokuwa kongamano lenyewe. Baada ya hapo ilikuwa hotuba, kila msemaji akianza na "itifaki imezingatiwa", kisha mada, kisha picha ya pamoja juani. Muda wa mtu kumwuliza mwenzake "wewe umetoka wapi, mnafanya nini" haukujitokeza tena hadi chai.

Nami nilikuwa na mpango wangu. Nilikwishasoma majina kwenye orodha nikamchagua kaka mmoja kutoka Dar es Salaam ambaye shirika lake, kwa ninavyojua, lilikuwa likigawa ruzuku Kanda ya Ziwa. Nilimfuata kila alikokwenda. Alipokwenda kujiongezea kahawa, nilijiongezea kahawa, na mimi kahawa sinywi. Hatimaye nikampata peke yake karibu na dirisha nikamwaga sentensi yangu niliyoikariri: shirika letu linawajengea uwezo wanawake katika mnyororo wa thamani wa mazao ya uvuvi. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akasema, "Dada, kwetu mradi ulifungwa. Nami nimekuja hapa kutafuta kazi."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini ningalifikiri kidogo ningalijua. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na Julai mosi mwaka huohuo USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa rasmi. Kila mtu ukumbini alikuwa na habari ya mradi uliokatika katikati, wa kwake au wa rafiki yake. Nusu ya wale niliowaona ni wafadhili walikuwa waombaji wenzangu, wamevaa vizuri tu kunizidi. Tukacheka, mimi na yule kaka, kisha akaniambia jambo ambalo asingeniambia akiwa bado na cheo chake: maandiko ya kuomba fedha yaliyokuwa yakimfikia mezani alikuwa akianza kuyasoma kwenye bajeti. Bajeti ikikataana na maelezo, maelezo hayasomi.

Aliyenifaa zaidi sikumfuata. Alinikuta kwenye foleni ya chai ya saa kumi, mama wa makamo, mhasibu wa shirika dogo la Musoma, ananung'unika kwamba sambusa zimeisha. Akaniuliza tunafanya nini. Nilikuwa nimechoka, sentensi ya kukariri ikagoma kutoka. Nikasema tu, "Tunawasaidia akina mama waache kuanika dagaa mchangani."

"Kwa nini waache?"

Basi nikaeleza. Kwamba dagaa wa mchangani hubeba mchanga, mnunuzi akimtafuna akisikia unakwaruza meno anashusha bei, na wengi huishia kuwa chakula cha kuku. Kwamba wakianikwa juu ya vichanja vya nyavu hewa hupita chini na juu, hukauka haraka na hubaki safi. Kwamba masika ndiyo balaa: wavuvi wanarudi na karabai zao alfajiri, mzigo umejaa, mvua inapiga siku nzima na mama anakaa anautazama mtaji wake ukioza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawaendi ziwani, kwa hiyo hasara ya siku tatu za mvua haifidiwi mwezi uleule. Mwalo wetu, pale mitumbwi inaposhushia dagaa, uko Ilemela; vichanja tulivyo navyo havitoshi hata theluthi ya akina mama.

Yule mama akaweka kikombe chini. "Mbona kule ndani hukusema hivyo?"

Halafu akanipa darasa ambalo halikuwa kwenye ratiba. Waliwahi kukataliwa na mfuko mmoja kwa sababu hawakuwa na hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Walipopata mwingine, hakuna aliyewakumbusha kwamba kanuni za 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali, wakajikuta wanakimbizana na makaratasi. Akanichorea kwenye leso ya karatasi jinsi wanavyotenganisha fedha za mradi na za ofisi. Leso hiyo ninayo, ina doa la chai. Wao nao, kumbe, wana akina mama wa dagaa, na hawana mtu anayejua kujenga vichanja. Sisi tunaye fundi, hatuna mhasibu.

Mada ya Ijumaa asubuhi ilikuwa kuchangisha ndani ya nchi. Mtaalamu aliyeiwasilisha alisema Watanzania hatuna utamaduni wa kuchangia. Ukumbi ulicheka kabla hajamaliza. Naapa hakukuwa na mtu mle asiyekuwa na kadi ya mchango wa harusi kwenye mkoba. Mimi nilikuwa nazo mbili, na moja tarehe ya mwisho ilikuwa imepita.

Jioni nikapitia kwa shangazi, Kirumba. Shangazi yangu amekuwa mweka hazina wa kamati za harusi tangu nikiwa mdogo, na ukoo mzima unamwogopa kwa daftari lake. Nikamsimulia habari za yule mtaalamu, akaguna. Nikamwonyesha kadi nilizopata safari hii, tisa.

"Huyu ana watoto?" akauliza, akiwa ameishika ya yule mama wa Musoma.

"Sijui, shangazi."

"Huyu?"

"Sijui."

"Sasa ukimpigia utaanza na nini? Utaanza na hela?"

Akafungua daftari. Nilidhani nalijua, kumbe siku zote nilikuwa nikiona safu ya ahadi na safu ya malipo tu. Kuna safu ya tatu, nyembamba, pembeni: kafiwa Februari. Mwanawe kafaulu. Anauguza, usimdai. Aliyetoa elfu kumi ana mstari sawa na aliyetoa laki mbili. Na mwisho wa kila harusi kuna ukurasa wa kuvunja kamati, siku ile watu wanakaa wanakula kilichobaki na yeye anasimama kusoma hesabu yote hadi senti ya maji ya kunywa.

"Watu hawachoki kuchanga," akasema. "Wanachoka kutosomewa."

Nikakumbuka wafadhili wetu wawili wa mwanzo, waliotupa fedha za vichanja vile vya kwanza. Tuliwatumia ripoti kwa sababu mkataba ulitaka ripoti. Hakuna aliyewapigia kuwaambia kwamba mama mmoja pale mwaloni sasa ana wanunuzi wanaomfuata kwa sababu dagaa wake hawakwaruzi. Mimi ndiye niliyepaswa kupiga.

Jana Jumamosi nimepiga simu sita. Wawili hawakupokea. Mmoja alidhani mimi ni binamu yake, tukaongea dakika nzima ndipo tukagundua. Yule kaka wa Dar nimemtumia tangazo la kazi niliyoiona, si kubwa, ila iko Geita na anaweza kuitaka. Mfadhili mmoja wa zamani aliuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hapana, nimepiga kukusomea hesabu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza jina la yule mama wa mwaloni.

Wa Musoma amejibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma kuna mtoto analia, naye kumbe ni mjukuu. Anataka kujua kichanja kimoja kinakula mita ngapi za wavu na nguzo ngapi, ili aanze bajeti upande wake. Sikuwa na jibu la uhakika. Kesho asubuhi nakwenda Ilemela na futikamba.

Zile 31 nimezirudisha kwenye droo. Ile ya MUHIMU SANA nimeiacha juu ya meza.