Hayafiki

Wiki nzima sasa, na neno la bibi wa ghorofa ya tatu bado limenikaa kooni. Mnamjua, ndiye aliyenipa koti la baridi. Jumapili tulikuwa Sviblovo, hapa Moscow, ukingoni mwa mto Yauza. Theluji inayeyuka, mto umejaa, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa akiwamegea bata mkate mweusi, vipande vidogo kama vya kumlisha mtoto. Nikamwambia kwa furaha, “Bibi, maji haya yatamfikishia mama salamu zangu.”

Hakuinua hata macho. “Hayafiki, binti yangu.”

Basi. Jumatano nimetetea tasnifu yangu, dada amejifungua salama, lakini nikilala nasikia hilo tu. Hayafiki.

Nikafungua ramani nipate la kumjibu. Yauza ni mto mdogo, kilomita 48, na beseni lake, yaani eneo lote linaloumwagia maji, ni kilomita za mraba 452. Unaanzia kwenye vinamasi vya Losiny Ostrov, unaingia mto Moskva penye daraja la Bolshoy Ustinsky. Moskva unaingia Oka pale Kolomna, Oka unaingia Volga pale Nizhny Novgorod, Volga unamwaga ziwa kubwa la Kaspi. Na Kaspi haina pa kutokea. Uso wake uko chini ya usawa wa bahari. Hata maji ya Volga yanayoletwa kwa mfereji na kupitishwa kijito cha Likhoborka ili kuusafisha Yauza, mwisho wake hurudi Volga. Bibi alisema kweli, na hiyo kweli ndiyo iliyoniuma.

Juzi usiku nikasogeza kidole hadi kwetu Tanzania. Mama anateka maji mto Momba, pale Kamsamba. Momba unaingia ziwa Rukwa. Na Rukwa halina mto hata mmoja unaotoka! Nimelikulia ziwa lile na sikuwahi kuliwaza hivyo. Maji ya mama nayo hayafiki baharini. Yake na yangu yote yanangoja jua liyapandishe. Nililia, lakini kwa raha.

Asubuhi nikashuka na sahani ya maandazi nikamweleza yote, mto kwa mto. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta sukari vidoleni, akauliza, “Mama yako ana bata?”

Anao, saba.

Mwenye nyumba ameniandikia anataka tuonane Jumatatu. Hakusema kuna nini.