Kadi Mbili za Mtu Mmoja

Nilipokuwa mwanagenzi kwenye nyumba ya nyaraka, Kilimani, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika kadi za mabalozi na makonseli waliowahi kukaa Unguja: jina, cheo, tarehe ya kufika, ya kuondoka, na sababu. Nikadhani ni kazi ya asubuhi moja. Maalim aliyenisimamia akanipa penseli, maana wino haukaribii meza ile, na jalada moja. La pili hulipati mpaka urudishe la kwanza.

Adhuhuri akazipitia kadi, akachomoa ya Frank Carlucci. Nilikuwa nimeandika: Balozi wa Marekani, Zanzibar, 1964–1965.

"Mwanangu, 1965 Zanzibar ilikuwa na balozi?"

Nikanywea. Akavuta kiti, tukahesabu. Uhuru ni 10 Desemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili. Siku 138 tu ambazo dola ya nje iliweza kuwa na ubalozi kamili hapa. Tangu hapo mambo ya nje ni ya Muungano: balozi hukabidhi hati zake kwa Rais wa Jamhuri, kisha ndiyo huvuka kuja kujitambulisha kwa Rais wa Zanzibar. Anayekaa Unguja ni konseli, balozi mdogo, na karatasi zake ni nyingine: hati ya uteuzi kutoka kwao, na idhini ya kufanya kazi kutoka kwa mwenyeji. Carlucci aliingia mapema 1964 akiwa kaimu balozi. Muungano ukamfanya konseli, kisiwa ni kile kile. Basi kadi mbili.

Za karne ya 19 ndiko nilikoharibu zaidi. Atkins Hamerton, konseli wa Uingereza, alifariki hapa Julai 1857, na mrithi wake Rigby akafika 1858. Mimi, ili orodha ipendeze, nilimwanzisha Rigby 1857. Maalim akafuta. "Pengo liache wazi. Atakayekuja atatafuta nani alishika kazi humo katikati." John Kirk, naye wa Uingereza, nilimpa kadi moja, hali alikuja 1866 akiwa daktari na kuondoka 1886 akiwa konseli mkuu; kila cheo kinataka tarehe yake. Na Richard Waters wa Salem, konseli wa Marekani tangu 1837, alikuwa mfanyabiashara: pembe, sandarusi, na kile kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merekani. Barua ya bei ya pembe ukiihesabu kuwa ripoti ya serikali, umeshapotea.

Nilisema, kwa ujinga wa ujana, kwamba huku labda waliletwa waliokosa pa kupelekwa. Maalim akacheka. Carlucci alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani mwaka 1987. Donald Petterson, ofisa mdogo hapa wakati wa Mapinduzi, alirudi 1986 akiwa balozi wa Marekani kwa Tanzania nzima, kadi yake hiyo ikakaa droo ya Dar es Salaam.

Mpaka magharibi nilikuwa nimemaliza kadi nne. Ya pili ya Carlucci ilibaki na mstari wa sababu. Nilitaka kueleza mazungumzo yake ya simu yaliyomponza. Maalim akaniambia niandike "alifukuzwa, Januari 1965". La simu likae nyuma ya kadi, kwa maandishi madogo.