Swali la Mzee mteremkoni

"Nani alikufundisha kukanyaga mafuta pale?"

Tangu Jumatano swali hili haliniachi. Nikiosha vyombo nalisikia, nikijifunika blanketi nalisikia. Wiki yenyewe imekuwa na mengi: nimesaini mkataba na kipindi cha majaribio kimekwisha, daraja la bondeni limesombwa na maji, na binti wa dada amepata kipaimara. Hayo yatasubiri. Leo naandika kuhusu swali la Mzee, yule anayenifundisha kuendesha lori kazini, maana nisipoliandika sitalala tena.

Lori mnalifahamu, ni lilelile la pua, lenye injini mbele ya kebini, ninalolisema kila mara. Mercedes 2624, magurudumu yote sita yanavuta, usukani upande wa kushoto. Ile namba inajieleza yenyewe: 26 ni tani za uzito wote, lori na mzigo wake, na 24 ni nguvu za farasi 240. Malori ya pua ya aina hii Wajerumani walianza kuyatoa mwaka 1959, na hapa Mufindi bado yanakula mkate wake kwa sababu moja tu. Masika yakikolea, hayo malori mapya ya kichwa bapa yanasubiri barabarani. Hili letu ndilo linaloingia ndani kwenye paina, linabeba magogo mabichi kutoka pale yalipoangushwa, linayashusha hadi kituo cha kupakilia, kisha wenzetu wa lami wanayachukua.

Gia boksi yake ni ya ZF isiyo na sinkronaiza, kwa hiyo hakuna kitu humo ndani cha kukusaidia kupatanisha meno. Unayapatanisha mwenyewe, kwa mguu na sikio. Kupandisha gia si tabu: klachi, toa, achia klachi ukiwa nyutro, ngoja mlio wa injini ushuke, klachi tena, ingiza. Kushusha ndiko kunakotenganisha watu. Ukiwa pale nyutro, klachi umeachia, lazima ukanyage mafuta kidogo ili injini ipande ikutane na mwendo wa shafti, halafu klachi ya pili, halafu gia. Ikikubali, mkono hausikii kitu, kigingi cha gia kinazama chenyewe. Isipokubali, meno yanalia hadi waliokaa juu ya magogo wanageuka.

Pembeni ya kigingi hicho kuna cha gia boksi ndogo, kile cha kuchagua mwendo wa barabara au mwendo wa porini. Hiki hakiguswi lori likitembea. Na juu ya dashibodi kuna vishikio vya difu loki, ile inayofunga magurudumu yazunguke pamoja, vya upepo, kwa hiyo usijisumbue navyo kama mshale wa upepo haujapanda. Mzee alinikalisha kwenye kile kiti injini ikiwa imezimwa na kunitajisha kila kimoja nikiwa nimefumba macho. Alitaka mkono wangu ujue njia kabla ya jicho. Hadi leo namshukuru kwa hilo, maana wengi hapa walifundishwa kwa kutukanwa.

Sasa Jumatano. Usiku ulikuwa wa mvua, asubuhi njia ilikuwa udongo mwekundu mtupu uliolainika juu na mgumu chini, ambao ndio mbaya kuliko wote. Mzee alikaa kulia, kimya, mikono mapajani. Nilisimama juu kabisa, kwenye usawa kabla ya njia kuinama. Nikaingiza gia boksi ndogo, nikafunga difu loki ya ekseli za nyuma, nikachukua ya tatu kama anavyotaka yeye, nikaanza kushuka kwa injini peke yake bila kugusa breki. Hadi hapo ni mafunzo yake, neno kwa neno.

Katikati, pale maji yanapokatiza njia, nyuma kukalegea. Nilihisi kiunoni kwanza, kabla usukani haujasema kitu. Injini ilikuwa inashikilia mno. Matairi yalikuwa yanazunguka polepole kuliko lori linavyoshuka, kwa hiyo hayakuwa yanashika, yalikuwa yanaburuzwa. Na mzigo wote wa magogo ulikuwa unataka kupita ubavuni mwangu. Mguu wangu wa kulia ukakanyaga mafuta. Kidogo tu. Matairi yakaongeza mzunguko, yakalingana na mwendo, yakauma udongo, nyuma kukarudi mahali pake. Nikaachia taratibu. Mbele ya kona nikafungua difu loki, maana ikiwa imefungwa lori linakwenda moja kwa moja hata ukikata usukani, tukafika chini.

Nilivuta hendibreki. Upepo ukatoka kwa kishindo kama kawaida. Mzee hakufungua mlango.

"Nani alikufundisha kukanyaga mafuta pale?"

Nikanyamaza.

"Nimekuuliza, binti."

"Hakuna, Mzee."

"Mimi sijakufundisha hiyo."

"Ndiyo, Mzee."

"Watu wanakanyaga breki pale. Wote."

Akashuka. Akazunguka lori, akainama kwenye tairi za nyuma, akachomoa tope kwa kidole kati ya tairi mbili, akaliangalia, akalitupa. Hakunisemesha tena hadi chakula cha mchana, na mchana aliniomba chumvi tu.

Nimeyapitisha maneno hayo kichwani kwa sauti zote anazozijua yule mzee. Kuna "sijakufundisha hiyo" ya hasira, maana yake umefanya la kichwa chako na lori la watu. Kuna ya kuumia, ya mtu aliyetoa kila alichokuwa nacho halafu akaona mwanafunzi ana kingine asichokijua kimetoka wapi. Na kuna ya heshima, ambayo ndiyo naitaka, na kwa sababu naitaka siiamini. Alisema "wote" akiangalia mbele, kwenye kioo. Kama angeniangalia mimi, ningejua.

Na jibu langu je? Nilijibu kweli tupu. Hakuna aliyenifundisha. Walifundishwa wengine, mimi nikiwa karibu.

Barazani kwetu Makambako, Baba akiwa likizo, aliwaweka kaka zangu kwenye benchi. Matofali matatu chini ndiyo klachi, breki na mafuta. Fimbo ya mkaratusi ndiyo gia. Yeye mwenyewe alikuwa injini. Alinguruma kwa mdomo, akipanda na kushuka, na mtoto aliyeingiza gia kabla ya mngurumo kufika mahali pake alirudia. Mimi nilikuwa kwenye mkeka napukuchua mahindi na Mama. Hakuna siku niliyoitwa kwenye benchi, wala sikuomba. Haikunijia kwamba inaombwa. Kaka mmoja leo ni mwalimu, mwingine anauza vipuri Tunduma. Lakini sauti ya Baba ninayo yote. "Likianza kukuburuza kwenye tope usiogope, lipe mafuta lishike." Alikuwa anamwambia kaka mkubwa. Nilikuwa na gunzi mkononi.

Kwa nini sikumwambia Mzee hayo? Kwa sababu hayaelezeki ndani ya kebini, injini ikiunguruma, mbele ya mtu aliyekupa ujuzi wake wa maisha nzima. Na kwa sababu, nikisema ukweli wa moyo wangu, jina la Baba ni langu bado. Sikutaka lipimwe na mtu.

Jana jioni nikampigia Baba. Masikio yake yameliwa na injini, kwa hiyo nilitoka uani nipige kelele vizuri.

"Shikamoo Baba!"

"Marahaba. Hujambo mama?"

Nikamweleza mteremko. Nilidhani ataniambia niwe mwangalifu, kama anavyosema kila nikipiga. Akauliza, "Udongo mwekundu au mweusi?"

"Mwekundu!"

"Gia ya ngapi?"

"Ya tatu, gia boksi ndogo!"

"Ya tatu?" Akakaa kimya kidogo. "Ungechukua ya nne, isingeshikilia sana, isingekuburuza. Nani kakwambia ya tatu?"

"Mzee!"

"Mwambie ya nne."

Jamani. Nilicheka peke yangu pale uani hadi jirani akachungulia. Baba yangu, ambaye tangu nipate leseni ya daraja E hajaniuliza swali hata moja la gari, alinishika kwenye simu hadi giza likaingia. Aliuliza tairi zina meno gani, upepo unajaa kwa muda gani asubuhi, magogo yanafungwa kwa mnyororo au kwa waya. Akanieleza malori ya Fiat 682, ambayo hakuwahi kunieleza. Alianza akiwa utingo kijana kwenye njia ya Zambia, baada ya Wazungu wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru wao Novemba 1965 na Zambia kukosa mafuta ya kupitia kusini. Malori yalipanda na madebe na mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam, yakarudi na shaba, na barabara yote hii tunayopita leo kwa lami ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na uji wakati wa masika. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuja mwaka 1968, reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Kabla ya hapo walikuwa wao. Kazi ya utingo kwenye mlima wa Kitonga, alisema, ilikuwa kutembea nyuma ya tairi na gogo begani. Dereva akikosa gia, unaliweka gogo chini ya tairi kabla lori halijaamua kurudi. Huwezi kulitupa, lazima uliweke, na uondoe mkono.

"Ndipo nilipojifunza kusikiliza gia," alisema. "Nilikuwa nje. Dereva akishusha, nilijua kabla yake kama itaingia."

Naye alijifunzia pembeni! Hakuna aliyemkalisha kwenye benchi. Aliyasikia yote kutoka nje ya lori, akiwa na gogo begani, na hakujua kwamba ameniambia jambo ninalolihitaji kuliko mkataba wote niliosaini Ijumaa.

Kwa hiyo Jumatatu nitamwambia Mzee. Nitamwambia nilisikia kwa Baba, na kwamba Baba anasema ya nne. Naamini watabishana kupitia kwangu hadi masika yaishe, na mimi nitakuwa nashuka kwa ya tatu siku moja, ya nne siku nyingine, hadi huo mlima wenyewe uamue. Nina furaha ambayo sijaipata tangu nianze kazi hii.

Ila Mama alichukua simu mwishoni. Dawa zake za presha zimekwisha tangu Jumanne na hakumwambia mtu, eti duka la pale wanasema zitaletwa. Sauti yake ilikuwa nzito na alikuwa anarudia rudia habari ya kuku. Nimepata za mwezi mmoja hapa Mafinga. Kondakta wa basi la alfajiri amekubali kuzibeba, lakini kaka wa kuzipokea stendi Makambako hapokei simu tangu saa mbili usiku.