Jinsi nilivyowaonyesha wazee wa Kibosho sinema za Krismasi za zamani

Nilipotangaza katika kundi la ukoo kwamba Krismasi iliyopita tungetazama sinema za zamani nyumbani Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nilipokea ushauri mwingi kuliko michango. Binamu zangu wa Dar es Salaam walisema hakuna mtoto wa siku hizi atakayekaa mbele ya picha isiyo na rangi, na kwamba nikilazimisha nitabaki na bibi peke yake, naye atakuwa amesinzia. Shemeji yangu mmoja, ambaye hakuna jambo lisilompa la kusema, alishauri niweke maandishi ya Kiingereza chini ya picha ili wasomi wawasomee wasiojua lugha. Kijana aliyenikodisha projekta alitaka kunikodisha na skrini yake, eti bila hiyo sitaona kitu, wakati shuka jeupe lililopigwa pasi na kuvutwa barabara kati ya nguzo za baraza linatosha kabisa, mradi taa ya nje izimwe. Projekta na spika vilinigharimu kama elfu hamsini hivi, pengine zaidi kidogo, kwa kuwa magari ya kutoka Dar yakishaanza kuingia Moshi wiki ya Krismasi kila kitu hupanda bei.

Suala la rangi nililimaliza kwa hila ambayo bado najipongeza nayo. Nilianza na Home Alone ya mwaka 1990, ambayo ni ya rangi na haihitaji lugha: mwizi akipigwa na kopo la rangi usoni, mtoto wa Kibosho na mzee wa Kibosho wanacheka kwa wakati mmoja. Humo ndani Kevin, mtoto aliyeachwa nyumbani peke yake, anatazama sinema ya majambazi isiyo na rangi na kuitumia kuwatisha watu mlangoni, na watoto waliipenda mno sehemu hiyo wakataka kuiona sinema yenyewe. Sinema hiyo haipo, kwani kipande kile kilitengenezwa kwa ajili ya Home Alone tu. Nikawaambia kwamba ninazo nyingine za aina hiyo hiyo, na kwamba kesho yake ningewaonyesha moja. Kesho yake hakuna aliyeuliza habari za rangi.

Niliyochagua ni It's a Wonderful Life ya Frank Capra, iliyotoka mwaka 1946. Kuna nakala zake zilizotiwa rangi miaka mingi baadaye, nami nawasihi msizitumie. James Stewart, mwigizaji mkuu, alizipinga hadharani, na mtu aliyeicheza sinema hiyo ana haki ya kusikilizwa. Inafaa pia kujua kwamba ilipotoka haikuingiza fedha zilizotarajiwa. Mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, vituo vya televisheni vya Marekani vikawa vinaionyesha kila Desemba kwa sababu havikulipia kitu, na hivyo ndivyo taifa zima lilivyokuja kuipenda.

Ushauri wa shemeji tuliujaribu, maana alikuwepo na hakuna namna ya kumkwepa shemeji siku ya pili ya Krismasi. Maandishi yakatokea chini ya picha, na wasomi wakaanza kazi yao. Ila kila msomi alisoma kwa mwendo wake: binti wa kidato cha sita alikuwa sentensi mbili mbele, mjomba mwalimu alirudia kila neno kwa matamshi ya darasani, shemeji mwenyewe alitafsiri na kuongeza maoni yake, na mtoto mmoja alisoma kwa sauti hata majina ya waigizaji. Bibi alivumilia kwa dakika chache, kisha akauliza, "Hawa wanatazama picha au wanasali rozari?" Nikaisimamisha filamu, nikayaondoa maandishi, nikachukua kipaza sauti.

Utoto wangu niliumalizia katika mabanda ya video ya mjini, ambako mtafsiri alizungumza kwa Kiswahili juu ya sauti ya sinema za Kihindi na Kichina mpaka tukaamini kwamba mashujaa wote wanajua Kiswahili. Kazi ile watu huidharau, kumbe ina kanuni zake. Sauti ya filamu inapunguzwa lakini haizimwi, kwa sababu muziki ndio unaobeba hisia. Usitafsiri kila neno, tafsiri nia. Mwigizaji akikaribia kusema la kuchekesha, nyamaza kwanza, kisha liseme nusu ya pumzi baada yake. Majina yapunguzwe: mimi nilibaki na George Bailey ambaye ndiye mhusika mkuu, mkewe Mary, Mjomba Billy na tajiri mchoyo Mzee Potter, wengine wote wakawa jirani.

Lakini kilichowashika wazee ni jambo moja: ile taasisi ya kina Bailey, ambayo watu wanaweka akiba na kukopa fedha za kujengea nyumba, niliiita SACCOS. Sikudanganya, kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi. Kibosho ni nchi ya kahawa na ya vyama vya msingi. Watu wa huku wamekuwa wakikaa vikao vya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, tangu miaka ya 1930, na baba mkubwa aliwahi kuwa mweka hazina wa chama chetu. Ilipofika pale wanachama wanapofurika mlangoni kudai fedha zao, na George anawaeleza kwamba fedha hazimo kwenye sanduku bali zimo katika nyumba za majirani zao, baba mkubwa alisimama na kusema kwa sauti, "Awaonyeshe daftari!" Mwanachama mmoja akadai dola 242 zake zote. Wazee wakaguna. Kisha akaja yule mama aliyeomba dola 17 na senti 50 tu, na bibi akasema, "Huyo ndiye mwanachama." Nililazimika kusimamisha filamu ili wamalize kumsifu.

Tangu hapo sikuwa na kazi ngumu. Mjomba Billy alipozisahau dola 8,000 za taasisi ndani ya gazeti la Potter, baraza zima lilipiga kelele, "Gazeti! Gazeti!" kana kwamba angesikia. Malaika Clarence, ambaye ni wa daraja la pili na hajapata mabawa, aliwafurahisha sana wastaafu wa serikali, kwa sababu hawakujua kwamba hata mbinguni watu wanasubiri kupandishwa cheo. Mwishoni, majirani walipomimina fedha mezani kufidia zilizopotea, mama mdogo aliuliza kwa nini hakuna anayeandika majina ya waliochanga. Telegramu kutoka kwa Sam, rafiki wa George, ilipofika, ikisema ofisi yake itatoa hadi dola 25,000, baba mkubwa alifafanua kwamba hiyo ni ahadi, wala isichanganywe na taslimu.

Watoto nao walishughulishwa na theluji. Sisi tunaiona kileleni Kibo kila asubuhi mawingu yakiruhusu, lakini hakuna kati yao aliyewahi kuishika, hivyo waliudhika kidogo nilipowaambia kwamba sinema hiyo ilipigwa majira ya joto huko California, na kwamba theluji ile ni povu la kuzimia moto lililochanganywa na sabuni na maji. Kabla ya hapo watengenezaji walitumia cornflakes, zile za mahindi za kifungua kinywa, zilizopakwa rangi nyeupe, ambazo zilikuwa zikilia zikikanyagwa na kuharibu sauti. Ukiangalia kwa makini utamwona Stewart anatokwa na jasho. Watoto waliniomba nirudishe nyuma ili walione hilo jasho, nikarudisha.

Anayetaka kujaribu asianze mara baada ya chakula. Ndizi, nyama na mbege vikishakutana tumboni, hakuna sinema itakayoshinda usingizi. Mimi nilisubiri wapumzike, giza likolee, kisha nikaanza saa mbili. Apunguze pia idadi. Sinema moja kwa usiku inatosha, kwa sababu ya kwetu ilizidi saa mbili kabla hata sijahesabu muda wa kusimamisha, na mjadala uliofuata ulizidi sinema yenyewe. Sababu ni Mzee Potter: anabaki na fedha zile na haadhibiwi. Kuna walioona kwamba aibu inamtosha, lakini kundi la baba mkubwa lilisema hakuna chama kinachoweza kufunga mwaka na upotevu wa namna hiyo bila kumwita mkaguzi.

Mwaka huu nimeagizwa kuleta nyingine, nami nimeandaa Miracle on 34th Street ya mwaka 1947, ambayo Edmund Gwenn alipata Oscar kwa kumcheza mzee anayeshikilia mahakamani kwamba yeye ndiye Baba Krismasi. Baba mkubwa ameshanipigia simu kuuliza kama katika kesi hiyo hukumu inatolewa au mambo yanaachwa hivi hivi. Nimemhakikishia kwamba hakimu anatoa uamuzi.