Jimbo 3, Brazil 3

Mimi ni mtu wa Lupopo, klabu ya Lubumbashi, Katanga, na kuandika hili kunaniuma: tarehe 14 Desemba 2010 nilitokwa machozi ya furaha Mazembe, mahasimu wetu wa mji huohuo, ilipoifunga Internacional ya Brazil 2–0 kule Abu Dhabi, Kombe la Dunia la Klabu. Kabangu, kisha Kaluyituka, halafu kipa Kidiaba akarukaruka kwa makalio. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, kunguru (shabiki wa Mazembe) wa damu, akanitazama: "Leo uko wetu?" Nikamjibu niko wa Katanga.

Jibu lenyewe lilinishangaza, nikaanza kutafuta hao tuliowafunga walikotoka. Porto Alegre, jimbo la Rio Grande do Sul. Hapo, katika uwanja wa Beira-Rio, Juni 1972, watu zaidi ya 100,000 walijaa kuona timu ya jimbo ikipambana na Brazil yenyewe, mabingwa wa dunia. Kisa? Everaldo, beki wa kushoto wa Kombe la 1970, mchezaji pekee kikosini kutoka timu za jimbo hilo, alikuwa ameachwa nje ya kikosi cha Brazil. Jimbo zima likanuna. Watu wa Grêmio na wa Internacional, wasiopikika chungu kimoja, wakavaa jezi moja. Ikawa 3–3, na Brazil ikazomewa nyumbani Brazil!

Na wakati huo timu za majimbo zilikuwa zimeshafifia. Kombe lao lilianza miaka ya 1920, mafahali wakiwa Rio na São Paulo. Fainali ya 1927, São Paulo waligomea penalti mbele ya Rais Washington Luís. Akaagiza mchezo uendelee, wakaondoka. Mwaka 1930 ugomvi wa wakubwa wa miji hiyo uliipeleka Brazil Kombe la Dunia karibu bila mchezaji wa São Paulo. Mwaka 1956 Rio Grande do Sul ilicheza Mexico kwa jina la Brazil, ikarudi na ubingwa wa Panamerika.

Kisha klabu zikapata safari zao: Taça Brasil, kombe la klabu za nchi nzima, 1959; Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, 1960. Nani angeazima mshambuliaji wake tena? Baada ya kombe la 1962 kimya, likafufuka mara moja tu, 1987.

Jana, tukingoja bukari (ugali), nilimuuliza yaya: Katanga (ile nzima, kabla ya kukatwa vipande vinne 2015) ikicheza na Leopards, timu ya taifa ya Kongo, pale uwanja wa Kamalondo, utashangilia nani?

Akanawa mikono polepole.

"Kwanza niambie, watu wa Lupopo wako wangapi kikosini?"