Alasiri moja kando ya Barabara ya Harry Thuku

Mwezi wa Julai 1985, wajumbe wa serikali walipokuwa wakikutana katika Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta kuhitimisha Muongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa, mashirika ya kiraia yalifanya kongamano lao katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Nilikuwa mwanafunzi wa historia, mwaka wa pili, katika chuo kingine mjini, na nilijitolea kupanga viti na kuwaelekeza wageni.

Asubuhi moja nilihudhuria warsha kuhusu masomo ya wanawake, yaani taaluma inayochunguza maisha na historia ya wanawake. Mzungumzaji kutoka Marekani alieleza jinsi wanafunzi na wahadhiri walivyoshinikiza hadi chuo cha San Diego State kikaanzisha programu kamili ya taaluma hiyo mwaka 1970. Mwingine, kutoka India, alisimulia kuhusu kitengo cha utafiti kilichofunguliwa mwaka 1974 katika chuo kikuu cha wanawake cha SNDT, Bombay. Nilinakili kila neno, ingawa moyoni niliyahesabu kuwa mambo ya nchi za watu.

Alasiri niliketi nyasini karibu na shosho mmoja, yaani bibi mzee, aliyetoka Murang'a pamoja na kikundi chake cha akina mama. Akaliangalia daftari langu, akaniuliza, "Mwanangu, humo wamewaandikia nini?" Kwa kuwa daftari hilo ndilo nililotumia darasani, nilifungua ukurasa wa mwaka 1922 nikamsomea nilivyofundishwa: kwamba Harry Thuku, mwanasiasa aliyepinga sera za wakoloni, alikamatwa, umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Machi 16, askari wakafyatua risasi, na kwa hesabu ya serikali watu 21 wakafa.

"Umati," alisema. Akanyamaza kwa muda mrefu. "Mama yangu alikuwa humo."

Ndipo akanisimulia habari za Muthoni Nyanjiru, jina ambalo sikuwa nimelisikia kamwe: jinsi wazee walivyorudi kutoka kwa wakubwa wa serikali wakiwasihi watu watawanyike, na jinsi Nyanjiru alivyojitokeza mbele akainua nguo yake na kuwataka wanaume wavae nguo hiyo, wampe yeye suruali zao, kwa kuwa wao walikuwa wameogopa. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga, naye akawa miongoni mwa waliouawa kwanza. Baadaye wanawake walimtungia wimbo, ambao serikali ya kikoloni iliupiga marufuku. Shosho aliuimba kwa sauti ya chini, akiwa ameielekezea uso barabara ile ile yenye jina la Thuku, hatua chache kutoka tulipoketi. Nilishindwa kuandika kwa sababu ya machozi, nikamwomba aurudie.

Muhula ulipofunguliwa niliandika insha kuhusu Nyanjiru. Mhadhiri wangu, mtu mpole na msomi kwelikweli, alinirudishia akiwa ameandika pembeni kwamba wimbo si ushahidi. Maneno hayo yaliniumiza kuliko alama zenyewe, maana nilitambua kwamba kumwongeza mwanamke mmoja katika silabasi kusingetosha maadamu kipimo cha ushahidi kilibaki ripoti ya serikali ile ile ambayo askari wake walifyatua risasi, na wanawake wa 1922 hawakuachiwa kalamu bali sauti zao.

Miaka kadhaa baadaye nilipokabidhiwa kufundisha kozi ya wanawake katika historia ya Kenya, niliuweka wimbo ule katika juma la kwanza. Ripoti ya serikali tunaisoma juma la pili.